Turubai jepesi la kambi ya hamoki kwa familia: mwongozo kamili wa kulichagua

Kwenye kambi ya hamoki, turubai ndiyo nyumba. Hamoki, kile kitambaa kinachoning'inizwa kati ya miti miwili ukalala ndani yake, ni kitanda tu, na chandarua kazi yake ni kuzuia mbu. Mvua, upepo na jua kali la asubuhi vyote hukutana na turubai kabla havijakufikia. Hata hivyo wazazi wengi hutumia wiki nzima kulinganisha hamoki, halafu turubai wanalichagua kwa kutazama jambo moja: gramu zilizoandikwa kwenye kifuko chake.

Uzito una maana, hasa kwa anayebeba vitu vyake na vya watoto. Lakini gramu ni hesabu ya mwisho. Hesabu ya kwanza ni hii: mvua ikija kwa upande, ni eneo gani chini ya turubai litabaki kavu, na je, watu wako wote wanaenea humo? Turubai la gramu 250 linaloacha miguu ya mtoto nje si jepesi, maana gramu zote hizo umezibeba bure. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa mfuatano huo, na nakuomba usiruke ya kwanza hata kama una haraka ya kununua.

Hatua ya 1: Panga nani analala wapi

Chukua karatasi, andika majina ya wanaokwenda, kisha amua kila mmoja atalala karibu na nani. Mtoto wa miaka 5 anayeamka usiku akiita hawezi kulazwa mita kumi kutoka kwa mama yake, hata kama miti ya huko ni mizuri namna gani. Kijana wa miaka 14 naye hatafurahi kubanwa chini ya paa moja na wadogo zake. Mpango huu ndio unaoamua unahitaji maturubai mangapi, na ya ukubwa gani.

Mpangilio unaozifaa familia nyingi ni hamoki mbili bega kwa bega, ya mzazi na ya mtoto, chini ya turubai moja. Zikifungwa kwenye miti ileile miwili, zitagongana kila mmoja anapogeuka, hivyo weka fito ya sentimita 75 hivi kila mwisho ili kuzitenganisha, au tafuta miti mitatu: hamoki zishirikiane mti mmoja upande wa kichwani, kisha zifunguke kama herufi V upande wa miguuni. Kichwani ndipo mzazi anapotaka kuwa karibu, ili anyooshe mkono na kumgusa mtoto bila kushuka. Kumbuka tu kwamba mti unaobeba hamoki mbili unavutwa na watu wawili, kwa hiyo uwe mnene kuliko ule ambao ungeuchagua kwa mtu mmoja.

Wapo wanaozipanga hamoki juu na chini kama vitanda vya ghorofa, na watoto huupenda mtindo huo. Mimi siukubali. Mkanda wa juu ukiteleza au ukikatika, mzigo wote unamwangukia aliye chini, akiwa usingizini.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilazwe kabisa kwenye hamoki. Anahitaji mahali tambarare na pagumu kidogo, kwa sababu kitambaa kinachobonyea humkunja shingo, kidevu kikagusa kifua na njia ya hewa ikabanwa. Ukiwa na mtoto wa umri huo, mmoja wenu atalala naye chini kwenye godoro la kambi au ndani ya hema dogo, na nafasi hiyo ya chini lazima uihesabu unapopima turubai.

Kwa familia ya watu 4, ushauri wangu ni maturubai mawili ya kadiri, si moja kubwa sana. Turubai kubwa huhitaji miti iliyoachana kwa umbali maalumu na uwanja ulio wazi pande zote, na msituni ni nadra kuvipata vyote viwili mahali pamoja. Mawili unayasogeza yafuate miti ilivyo, unayakutanisha kingo pale mnapotaka kukaa pamoja, na mzigo unagawanywa kwenye mabegi mawili. Zaidi ya hayo, moja likichanika usiku wa manane bado mna paa.

Hatua ya 2: Pima urefu wa mgongo

Mgongo ni ule mstari wa juu kabisa wa turubai unaopita sambamba na hamoki. Huu ndio urefu usioweza kuusamehe. Ukipungua, mvua itakufikia kichwani au miguuni na hakuna namna ya kufunga itakayokusaidia.

Hamoki ikining'inia haichukui urefu wake wote. Mikanda yake ikishuka kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, ambayo ndiyo pembe ya kulala kwa raha, umbali kati ya ncha zake mbili unakuwa karibu asilimia 83 ya urefu wa kitambaa. Hamoki ya mita 3.35, ambayo ni saizi ya kawaida kwa mtu mzima, huchukua kama mita 2.8 kutoka ncha hadi ncha. Ongeza sentimita 30 kila upande, unapata mgongo wa mita 3.4. Hamoki ya mita 3 huchukua mita 2.5, nayo inataka mgongo wa mita 3.1. Ya mtoto yenye mita 2.4 huchukua mita 2, kwa hiyo mita 2.6 zinamtosha, ingawa atakua, na ukinunua refu zaidi litamsubiri.

Hizo sentimita 30 zina sababu. Ukifunga vizuri, mgongo wa turubai unakuwa sentimita 15 hadi 20 juu ya ncha za hamoki. Mvua inayopigwa na upepo hadi ikaanguka kwa pembe ya nyuzi 45 huingia ndani kwa umbali sawa na uwazi huo: uwazi wa sentimita 20, maji yanaingia sentimita 20. Zile 10 zinazobaki ni za upepo kubadilika na kitambaa kulegea. Ukipungukiwa na sentimita chache si mwisho wa dunia, mradi ushushe mgongo karibu zaidi na hamoki.

Angalia pia umbali wa miti. Hamoki ya mtu mzima hukaa vizuri kati ya miti iliyoachana mita 4 hadi 5. Turubai la mita 3.4 linaingia hapo na kukuachia nafasi ya kukaza kamba. La mita 4.5 litakulazimu kutafuta miti iliyoachana mita 5 au zaidi, na hapo ndipo utakapozunguka na watoto waliochoka, jua likizama.

Hatua ya 3: Pima upana kwa kufikiria mteremko

Turubai la mita 3 kwa upana halifuniki mita 3 za ardhi. Likitandazwa kwa mtindo wa mgongo wa tembo, kila upande una mita 1.5 za kitambaa, na eneo linalofunikwa linategemea mteremko. Pande zikishuka kwa nyuzi 45, unapata paa la upana wa mita 2.1. Ukizilegeza hadi nyuzi 30, unapata mita 2.6. Ukizisimamisha hadi nyuzi 60 kwa ajili ya dhoruba, unabaki na mita 1.5 tu.

Kwa hamoki moja, upana wa mita 2.5 hadi 3 unatosha kabisa. Kwa hamoki mbili bega kwa bega, watu na vitambaa vyao huchukua kama mita 1.8. Turubai la mita 3 lililofungwa kwa nyuzi 30 linawafunika, na kila upande zinabaki sentimita 40 za akiba, lakini katika mteremko mdogo hivyo maji huanza kutuama kwenye sehemu zilizolegea. Ndiyo maana kwa wawili napendelea mita 3.6: kwa nyuzi 30 zinatoa mita 3.1, na kwa nyuzi 45 mita 2.5, ambazo bado zinawatosha.

Kosa linaloharibu hata turubai zuri ni kulifunga juu mno. Chukua mgongo wa mita 1.7 na upana wa mita 3 kwa nyuzi 45: kingo zinakuwa kama sentimita 64 kutoka ardhini, na sehemu ya chini ya hamoki iko sentimita 45. Mvua ya upande haina pa kupenya. Sasa inua turubai hilohilo mita moja zaidi ili mpite mkiwa mmesimama. Kingo ziko mita 1.64, na mvua ya nyuzi 45 inaingia zaidi ya mita moja, yaani hadi katikati ya kitanda. Turubai ni lilelile na gramu ni zilezile, ila sasa mnalowa. Mchana inua upendavyo. Kabla ya kulala lishushe.

Hatua ya 4: Chagua umbo

Maumbo yapo mengi, lakini kwa familia uamuzi wa kweli ni kati ya mawili.

La pembe sita lina mgongo mrefu na pande mbili zilizokatwa kuelekea katikati, mara nyingi kingo zake zikiwa zimepinda kidogo kwenda ndani. Mpindo huo si urembo. Ukivuta pembe, mvutano unasambaa kwenye kingo zote, kitambaa kinakaza na hakipigi kelele kwenye upepo. Lina vigingi 4 tu na hufungwa haraka. Linalopoteza ni eneo la ncha, kwa sababu pale penye kichwa na miguu upana wa kitambaa ni mdogo kuliko katikati.

La mstatili halipotezi chochote. Pembe zake nne zinafika mbali, na ukizikunja ndani zinakuwa milango inayoziba ncha zote mbili. Unaweza kuinua upande mmoja kwa fimbo mbili ukapata upenu wa kukaa na kula mvua ikinyesha. Unaweza pia kulifunga liteleze upande mmoja tu kama ukuta dhidi ya upepo. Uzito unaongezeka kidogo, na vigingi pia. Hata hivyo, familia inayopanga kukaa na watoto chini ya paa mchana kutwa wakati wa mvua inahitaji angalau turubai moja la mstatili. Watoto hawalali saa zote mvua inaponyesha, na upenu ndio utakaookoa siku.

Lipo pia la mraba linalofungwa kona kwa kona. Mraba wa mita 3 ukifungwa hivyo unatoa mgongo wa mita 4.2, na hilo huwavutia wengi. Lakini kwenye ncha hakuna upana wowote, ni pembe kali tu, hivyo linamfaa mtu mmoja mwenye uzoefu katika majira ya kiangazi. Kwa mtoto anayejigeuza usiku kucha, hapana. Maturubai yenye milango iliyoshonwa tayari ni mazuri sana kwa baridi na dhoruba, ila huhitaji kuyabeba kama huendi kwenye hali hizo.

Hatua ya 5: Ijue nguo ya turubai

Hapa ndipo bei na uzito vinapoachana njia, na ndipo maneno ya matangazo yanapochanganya watu. Vitambaa vinavyofaa ni vitatu, na cha nne ni cha kuanzia.

*Nailoni yenye silikoni.* Ni nyepesi na ina nguvu ya kukataa kuchanika, kwa sababu silikoni huziacha nyuzi ziteleze kidogo na kugawana mzigo. Udhaifu wake ni kwamba nailoni hunywa maji. Ikilowa hurefuka, na turubai ulilolikaza saa 12 jioni utalikuta saa 5 usiku limelegea, limebonyea katikati na limeanza kukusanya maji. Dawa yake ni kulikaza tena kabla ya kulala, au kuweka vipande vya mpira kwenye kamba za pembeni ili vivute vyenyewe kitambaa kinaporefuka. Jua kali pia huidhoofisha taratibu.

*Poliesta yenye silikoni.* Hainywi maji kwa kiasi cha kujali, kwa hiyo hukaa kama ulivyoifunga. Huvumilia jua kuliko nailoni. Kwa uzito uleule, nguvu yake ya kuchanika ni ndogo kidogo, lakini kwa turubai lililofungwa vizuri tofauti hiyo haionekani. Kwa mzazi ambaye saa 5 usiku ana mtoto amemlalia mkononi na hawezi kutoka kwenda kukaza kamba, hiki ndicho kitambaa ninachokipendekeza bila kusita.

*Kitambaa cha Dyneema,* ambacho zamani kiliuzwa kwa jina la Cuben Fiber. Ni nyuzi za Dyneema, aina ya plastiki imara sana, zilizobanwa kati ya tabaka mbili nyembamba za plastiki. Hakirefuki, hakinywi maji, na uzito wake unaweza kuwa chini ya nusu ya vile viwili vya kwanza. Ni ghali sana kuliko vyote, hakipendi kusuguliwa wala kutobolewa, kinachukua nafasi kubwa kikikunjwa, na chenye uzito mdogo kabisa kinapitisha mwanga mwingi, jambo ambalo mzazi wa mtoto anayeamka alfajiri atalijutia. Nyuzi zenyewe huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 150 za Selsiasi, kwa hiyo moto ukae mbali. Mimi ningekiacha hadi watoto wajue kutochezea kamba.

*Turubai la plastiki la kawaida,* lile la kufunikia mizigo, ni zito na lina kelele kwenye upepo, na vile viduara vya chuma kwenye matundu yake ya kufungia kamba hung'oka. Lakini halipitishi maji na linapatikana kirahisi. Familia inayofika kambini kwa gari na kutaka kujua kwanza kama maisha ya hamoki yanaifaa haina sababu ya kuona aibu kulitumia.

Kwenye maelezo ya bidhaa utakutana na namba mbili. Ya kwanza ni denia, mara nyingi ikiandikwa kama 15D, 20D au 30D. Ni uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi uliotumika, hivyo uzi wa 20D wa urefu huo una gramu 20. Kwa familia, 20D hadi 30D ni mahali pazuri. 15D ni ya mtu mwangalifu anayesafiri peke yake. Namba ya pili ni safu ya maji kwa milimita, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa kinakistahimili kabla hakijaanza kuvuja. Kwa turubai linaloteremka na lisiloegemewa na mtu, milimita 1,500 hadi 2,000 zinatosha. Usilipie zaidi kwa ajili ya namba kubwa tu.

Kitazame kitambaa kwa karibu. Utaona mirabaraba midogo ya nyuzi nene zilizopishana kila baada ya milimita chache. Hizo ndizo zinazozuia tundu dogo lisigeuke kuwa mpasuko. Kisha kibane mdomoni na ujaribu kupuliza. Hewa ikipita, tabaka la kuzuia maji halijakaa sawasawa, na hata muuzaji akiapa, kirudishe.

Hatua ya 6: Sasa piga hesabu ya uzito

Usitegemee namba ya kifuko peke yake, kwa sababu mara nyingi haihesabu kamba wala vigingi. Zidisha mwenyewe. Nailoni au poliesta nyepesi yenye silikoni huwa na gramu 40 hadi 50 kwa kila mita ya mraba. Dyneema nyepesi ina kama gramu 17 hadi 27. Plastiki ya kawaida mara nyingi hufika gramu 80 au zaidi.

Turubai la mstatili la mita 3.4 kwa 3 lina mita za mraba 10.2. Kwa kitambaa cha gramu 45, hizo ni karibu gramu 460, kabla ya mishono na vitanzi vya kufungia kamba. Ongeza vigingi 6 vya alumini vya gramu 10 hadi 15 kila kimoja, na kamba, unakaribia gramu 600. La mita 4 kwa 3.6 lina mita za mraba 14.4, yaani gramu 650 za kitambaa. Ukichukua moja la kila saizi kwa familia ya watu 4, kitambaa kinakaribia kilo 1.1, na kila mtu anakuwa amebebewa paa lisilofika gramu 300. Ukilitazama hivyo, kwa kila anayelala pakavu, turubai kubwa linaacha kuonekana zito.

Kupunguza uzito kunakofaa ni kwa pembeni: badala ya kamba nene tumia nyembamba imara za milimita 2, vigingi vya alumini badala ya vya chuma, na acha kubeba fimbo kama utatembea na za kutembelea. Usipunguze kwenye eneo la paa.

Hatua ya 7: Kagua mishono na vitanzi

Maturubai mengi yana mshono mmoja mrefu kwenye mgongo, juu kabisa ya watu waliolala. Uwe umekunjwa na kushonwa mara mbili, kingo zikiwa zimefichwa ndani. Kitambaa chenye silikoni mara nyingi hakijazibwa tundu za sindano kiwandani, kwa sababu utepe wa kuzibia haushiki kwenye silikoni. Utaziba mwenyewe kwa gundi ya silikoni iliyozimuliwa kidogo na kupakwa kwa brashi upande wa nje, kisha uache ikauke kwa siku nzima. Kila kitanzi kiwe na kiraka cha kitambaa cha ziada nyuma yake. Vuta kwa nguvu ya mkono. Nyuzi zikianza kufunguka dukani, msituni hazitapona.

Vitanzi vya katikati ya pande ni vya thamani. Ukivivuta nje, vinasukuma kuta mbali na hamoki na kuongeza nafasi ya ndani.

Hatua ya 8: Kamba

Kwa familia napendekeza kamba moja ndefu inayopita kutoka mti hadi mti, turubai likining'inia juu yake kwa mafundo mawili ya Prusik, yale yanayobeba jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria. Fundo hilo linashika likivutwa na linateleza ukilisukuma kwa vidole, hivyo unaweza kulisogeza turubai kushoto au kulia hadi likae sawasawa juu ya hamoki bila kufungua chochote. Kamba mbili fupi, moja kila mwisho, ni nyepesi zaidi, lakini huchukua muda kusawazisha.

Turubai lisifungwe kwenye mikanda ya hamoki. Mtu akiketi, mikanda inashuka, na paa linalegea palepale. Kwenye pembe ya nyuzi 30 kila mkanda hubeba nguvu karibu sawa na uzito wote wa mtu. Ukiukaza hadi nyuzi 15, nguvu hiyo inakaribia mara mbili. Kamba ya turubai ya milimita 2 haikutengenezwa kwa mizigo ya namna hiyo.

Maji hutiririka kwenye shina la mti, yakaufuata mkanda hadi kitandani. Funga kijiuzi cha pamba kwenye kila mkanda, ndani kidogo ya ukingo wa turubai na kabla ya hamoki, ncha yake ikining'inia. Maji yakifika hapo yatakifuata kijiuzi na kudondoka chini.

Hatua ya 9: Lijaribu nyumbani, watu wote wakiwa ndani

Lifunge mahali popote penye nguzo au miti miwili, ning'iniza hamoki, kila mtu alale kwenye nafasi yake. Mmoja amwagie maji kwa mpira wa bustani au kwa ndoo, kwanza kutoka juu, halafu kutoka upande na kutoka kwenye ncha. Wasikilize watoto, wao husema mara moja wapi wanadondokewa. Kama mguu wa mtu unalowa hapa, kambini utalowa zaidi.

Kulifunga kambini

Kabla ya kamba, tazama juu. Tawi lililokauka juu ya mahali pa kulala linakufukuza hapo, liwe zuri namna gani. Miti iwe hai, yenye unene wa angalau sentimita 15, na mikanda iwe mipana ili isikate maganda.

Funga turubai kwanza, hamoki baadaye. Mvua ikianza katikati ya kazi, mizigo na watoto wana pa kujificha. Elekeza upana wa turubai kwenye upepo, si ncha. Vigingi vichomekwe vikiinama mbali na turubai. Kwenye udongo laini au mchanga, zika kijiti kwa mlalo, funga kamba katikati yake, fukia na ukanyage. Shusha zaidi upande unaotoka upepo, na upande wa pili uache juu kidogo ili hewa ipite. Turubai lililozibwa pande zote hutoa umande ndani, na alfajiri utadhani linavuja.

Hamoki ning'iniza chini: ukiketi, isizidi sentimita 45 kutoka ardhini.

Watoto, kamba na moto

Kamba za pembeni ndizo hujikwaliwa zaidi usiku. Chagua zenye rangi kali au zinazong'aa zikimulikwa, na funga kipande cha kitambaa cheupe kwenye kila moja kwa kimo cha goti la mtoto. Waonyeshe njia moja ya kuingilia na kutokea, upande wenye kamba chache, na muitumie ninyi pia. Kitanzi kirefu kisiachwe kikining'inia karibu na kichwa cha mtoto aliyelala.

Usipike chini ya turubai lililoshushwa. Nailoni na poliesta huyeyuka na kudondoka zikiwa moto, na jiko likiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Kama mvua inawalazimu kupika mkiwa mmejikinga, inueni upenu juu sana, pande mbili zikiwa wazi, na jiko likae ukingoni. Moto wa kuni uwe mbali kabisa na turubai, upande ule ambao upepo unaelekea, ili cheche zisipeperushwe kwenye turubai. Cheche moja hutoboa tundu ambalo hutaliona hadi mvua inyeshe.

Kulitunza

Turubai lililolowa lifungwe kwenye kifuko chake peke yake, nje ya begi, kisha likifika nyumbani litandazwe kivulini hadi likauke kabisa, pamoja na mishono. Ukungu huanzia kwenye mishono. Matope yasuguliwe kwa maji ya baridi na sifongo; sabuni ya kufulia na mashine viache. Yale yenye tabaka la poliyuritheni, aina ya plastiki inayopakwa kuzuia maji, badala ya silikoni huharibika mapema yakihifadhiwa na unyevu: tabaka linanata, linanuka, kisha linabanduka. Usilikunje kila mara kwenye mistari ileile. Lisukume tu ndani ya kifuko, au tumia soksi ndefu ya wavu inayovishwa turubai likiwa bado kwenye kamba, ambayo kwa mwenye watoto ni afueni kubwa, kwa kuwa unalitoa na kulitandaza kwa mkono mmoja.

Tundu dogo kwenye kitambaa cha silikoni linazibwa kwa tone la silikoni lililopakwa pande zote mbili. Mpasuko unahitaji kiraka cha kitambaa kilekile kilichogandishwa kwa silikoni hiyohiyo, chenye kona za mviringo ili zisibanduke. Kwa Dyneema tumia utepe wake maalumu wa gundi. Beba kipande kimoja cha kiraka na kichupa kidogo cha silikoni kwenye begi la huduma ya kwanza, na umwonyeshe mkubwa kati ya watoto mahali vilipo.